Mikate ya Maji Mlangoni mwa Petra

Mmeniuliza sana. Sabra ameniuliza chuoni kwenye Kurani, Nunuu ameniuliza kwenye treni ya Abbey Wood, na kila mara nimejibu "ilikuwa sawa tu" kisha nikatazama viatu vyangu. Mnanijua. Mbele za watu maneno hunikauka, na nikishakaa peke yangu na kalamu ndipo yanapokuja yote kwa pamoja. Kwa hivyo nimeandika. Mpokezane, na atakayemaliza asije akaniuliza kitu.

Nimeandika Kiswahili kwa makusudi, ingawa najua nusu yenu mkisemeshwa Kiswahili mnajibu Kiingereza. Ugomvi wetu wote wa safarini ulikuwa wa Kiswahili, na nikiutia Kiingereza utapoa. Sitaki upoe. Sababu nyengine ni Ami Nassor. Mmeshamsikia anavyohadithia baada ya sala ya Ijumaa, kwamba Mungu alituepusha na mji uliolaaniwa, na watu wanaitikia "Alhamdulillahi". Mimi nilikuwako.

Thamesmead

Tulitoka nyumbani watu wanne: Babu, Bibi, Ami Nassor na mimi. Baba alibaki kwa kazi yake ya basi. Mama hakupata ruhusa kule anakotunza wazee wa watu, basi nikatumwa mimi nikamtunze wetu, maana shule ilikuwa imefungwa ile likizo fupi ya Februari.

Babu alikuwa mwalimu wa historia Unguja kabla ya Mapinduzi. Ukutani mwa darasa lake alibandika picha aliyoikata kwenye gazeti la Kizungu: nguzo na milango iliyochongwa ndani ya jabali jekundu, katikati ya jangwa, kama kwamba mlima umefunua kifua ukaonyesha nyumba iliyokuwa ndani. Petra. Mapinduzi yalipokuja, picha ilibaki ukutani na yeye akatoka na nguo alizovaa. Hapa London hakufundisha tena hata siku moja. Alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Lakini habari za Petra hakuziacha. Sisi wajukuu tumelelewa nazo kama watoto wengine wanavyolelewa na hadithi za sungura.

Sasa sukari imemla macho. Jicho la kushoto limezimika. La kulia wamelipiga leza mara nyingi, na yeye husema anaona kama anayechungulia kwa mdomo wa chupa, katikati safi, pembeni kiza. Daktari alimwambia wazi kwamba hata hilo halitadumu. Babu akasema, basi kabla halijafunga nipelekeni Petra. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumwomba mtu yeyote nyumbani kwetu hata ampishe kwenye kiti.

Mji wenyewe unaingiliwa kwa ufa. Mlima umepasuka toka juu mpaka chini, na wewe unatembea ndani ya ule mpasuko, kuta mbili zimekubana, ndefu kushinda maghorofa yetu haya. Huoni kitu ila mawe na kipande cha mbingu. Unakwenda, unakwenda, mpaka kona ya mwisho, na hapo ufa unakuonyesha jengo la kwanza, kipande chembamba tu, kama mlango uliorudishwa usifungwe.

"Mke wangu," Babu aliniambia, "mji ule umejengwa kwa ajili ya jicho langu. Wenye macho mapana ndio watakaopata taabu."

Bibi alikuwa amekalia begi lake ili lifunge. "Basi huyo mkeo akubebee na sindano zako. Mimi mkubwa nimechoka." Ndivyo wanavyonitania tangu nikiwa mdogo, mimi ni mke mwenza.

Ami Nassor alifika na kanzu, na juu ya kanzu koti zito. Ndiye mtoto wao mkubwa. Amekaa miaka mingi Maskati na Kiarabu chake ni safi, kwa hivyo akachaguliwa awe ulimi wetu.

Uwanja wa ndege

Theluji ilianguka, na Waingereza wakaishangaa kama ndiyo mara yao ya kwanza kuiona. Ndege ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu wakatuambia tulale pale pale kwenye viti. Bibi alitandika kanga yake sakafuni akajilaza kama yuko barazani kwake.

Mama mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa Kisumu na sasa ana duka Thornton Heath, alitusikia tukizungumza akasogea na kopo lake la chapati na achari. "Nyinyi watu wa pwani?" aliuliza. "Nimewajua kwa 'nyengine'. Kuleni, hii ndege leo haina habari na sisi." Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha haraka, na Bibi alikifurahia sana.

"Mnakwenda Makka?" akauliza.

"Petra," alisema Babu, na alivyolitamka jina lile ungedhani anataja mchumba.

Ami Nassor alikuwa akichovya chapati kwenye achari. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Ni makaburi ya watu walioangamizwa."

"Ni mji," Babu akasema.

Yule mama alimtazama huyu, akamtazama yule, akaongeza achari.

Amman

Sisi tulifika, begi la Bibi halikufika. Ndani yake mlikuwa na unga, biskuti za Babu zisizo na sukari, na pakiti zote za vidonge vya glukosi ambavyo sukari yake ikishuka ndivyo tunavyomtafunisha. Mimi nilibakiwa na kopo moja mkobani. Mungu saidia, insulini nilikuwa nayo mwenyewe.

Ami hakukubali tuondoke bila begi. Asubuhi tulirudi uwanjani kuliulizia, jioni tukarudi tena. Kila tuliyekutana naye alituambia "bukra, inshallah", yaani kesho, na kila mtu alitaka kujua sisi ni nani. Mzee wa hoteli alituuliza kama sisi ni Wasudani. Ami akasema hapana, tunatoka London. Mzee akacheka, akasema London si mahali pa mtu kutoka, ni mahali pa kwenda. Ami akamwambia Zanzibar. "Aah, Omani!" Babu akasema kwa Kiarabu chake cha chuoni kwamba si Omani, ni Zanzibar. Mzee akampigapiga begani kwa huruma, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, akaleta chai.

Babu alikunywa bila sukari. Baadaye akaniambia, "Umeona? Hata kujitaja ni kazi." Na siku ikawa imekwisha. Petra tulikuwa tumeipangia siku mbili nzima, ikabaki moja.

Njia ya jangwani

Tulikodi teksi kwenda kusini. Jangwa lile si la mchanga laini wa kwenye picha. Ni mawe na vumbi na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miiba, na baridi ya kuuma meno. Bibi alikasirika kabisa. "Jangwa gani hili lenye baridi? Bora ningebaki London."

Njiani tairi lilipasuka. Dereva akakuta la akiba nalo halina upepo, akaomba lifti, akatuacha sisi ndani ya gari. Tulikaa sana. Sukari ya Babu ilianza kushuka, nikamwona jasho limemtoka kwenye ile baridi, nikamtafunisha vidonge vya kopo mpaka likabaki tupu. Mfugaji mmoja mwenye kibanda kando ya barabara alituonea huruma akatuletea nyanya zilizokaangwa na vitunguu, na mkate mkubwa mwembamba kama kitambaa. Tulikula kwa mikono juu ya boneti ya gari. Ndicho chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula safari nzima, na Ami pia alisema hivyo. Naliandika hili ili msiseme namwonea.

Tukarudi ndani kujikinga na upepo. Ami alikuwa akiyatazama majabali kwa mbali. Akasema, "Subhanallah. Watu walichonga nyumba ndani ya mawe wakidhani hawatakufa. Ukelele mmoja tu kutoka mbinguni, wote chini."

"Hao ni Thamudi, Nassor," Babu akasema. "Thamudi wako Saudia, njia ya Madina. Hawa wa Petra ni Wanabati. Wafanyabiashara. Ubani na manemane vilipita mikononi mwao, misafara kwa misafara, na kila aliyepita aliwalipa wao maji na ulinzi. Mvua ya hapa ni ya kuhesabu matone, lakini wao waliikamata yote, wakaipitisha kwenye mifereji ya mawe, wakawa na mabustani jangwani. Ukelele haukuwaangamiza. Warumi waliwatawala, biashara ikahamia njia nyengine, tetemeko likavunja lililobaki. Watu wakaondoka kidogo kidogo."

"Hayo ni ya vitabu vya Wazungu, Baba."

"Wewe umesoma kipi?"

"Mungu hawaondoi watu mjini mwao bure. Mji ukibaki mtupu, ujue wenyewe kuna walilolifanya."

Bibi akaanza kuvuta tasbihi. Babu alimgeukia mwanawe, na kwa kuwa haoni pembeni ilimbidi azungushe kichwa polepole mpaka akampata.

"Sisi tulipotolewa Unguja, Nassor, tulimchinja ngamia gani?"

Mnakumbuka, chuoni tumefunzwa kwamba Thamudi walikatazwa wasimguse yule ngamia, wakamchinja, ndipo adhabu ikawashukia. Ami aliyatazama tena majabali. Wakati wa Mapinduzi alikuwa mtoto wa kubebwa kiunoni. Mimi nafikiri maisha yake yote amelitafuta jibu la suali lile, na jibu alilolipata ni kwamba tulistahiki. Na nafikiri Babu analijua hilo, ndiyo maana hawezi kumsamehe.

Wadi Musa

Mji mdogo ulio mlangoni mwa Petra unaitwa Wadi Musa, na maji yake yanatoka kwenye chemchemi inayoitwa ya Musa. Dereva alirudi na tairi alasiri, tukafika jua limeshazama, tumechakaa. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kiume. Yeye na Bibi hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini walipatana mara moja. Bibi alimwonyesha unga kwa vidole, yule mama akamfungulia jiko.

Asubuhi niliamka kwa harufu ya nyumbani. Bibi alikuwa amekoroga mikate ya maji, unga na maji ya mfereji na chumvi na yai, anaigeuza kwenye kikaango cha watu kwa vidole vitupu. Alifunga bunda zima kwenye kitambaa, na mimi nikajaza chupa zetu maji pale pale jikoni.

"Leo atakula chakula cha kueleweka," Bibi alisema. "Hawa watu nyanya zao tamu, lakini mtu hawezi kutembea mlima kwa nyanya."

Ami alikuwa ukumbini na simu. Alikuwa akizungumza na rafiki yake wa Maskati, mtu wa dini, na alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika. Hakutuambia kitu. Laiti angeingia jikoni akasema.

Babu alivaa suti. Suti ya kahawia, tai, na kofia yake ya vito, iliyodarizwa kwa mkono. Nikamwuliza kama hatasikia joto akitembea. "Mwalimu haingii darasani na sweta," akanijibu.

Mlangoni

Mlangoni mna maduka ya vinyago na mabenchi. Nilimpima Babu, nikampiga sindano ya kabla ya kula, kwa sababu yeye hazioni tena namba za kalamu ya insulini. Bibi akaanza kufungua bunda. Babu akamzuia mkono. "Si hapa mbele ya maduka. Hapo mbele pana mawe. Nataka nile nikiyatazama."

Ni mwendo mfupi. Mawe yenyewe ni mapande makubwa ya mraba yaliyochongwa yakasimama peke yake kando ya njia, kama makasha. Tulimkuta mwongozaji mmoja akiwaeleza watalii wake kwa Kiingereza kwamba wenyeji huyaita mawe ya majini, makao ya mashetani. Alisema hivyo kwa mzaha na watalii wakacheka.

Ami Nassor hakucheka. Alisimama kama aliyeitwa jina.

"Bi Mkubwa," akamwambia mamake, "maji haya umeyatoa wapi?"

"Mferejini. Kwani?"

"Na mikate?"

"Nassor, mikate ya maji inapikwa kwa nini? Kwa mafuta ya taa?"

Akachukua chupa mikononi mwangu. Akafungua moja, akaimimina chini, akafungua ya pili. Akasema tumefunzwa wote, ukipita kwenye makazi ya walioadhibiwa usinywe maji yao, na uliyoyateka uyamwage, na unga ulioukanda uwape ngamia, na upite mbio huku unalia. Alizungumza kwa upole. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Chemchemi hii ni ya Musa," Babu akasema. "Mji huu ni wa Wanabati. Nimekwambia jana. Thamudi hawakukanyaga hapa."

"Majabali ni yale yale, Baba, na kuchonga ni kule kule. Mimi siwezi kubahatisha na akhera yako."

"Akhera yangu nimekukabidhi lini?"

"Mama, nipe bunda."

Bibi alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe. Niliona aliyemwogopa zaidi. Hakuwa mmoja wao, alikuwa Mungu. Akalitoa.

Ngamia hakuwapo karibu. Palikuwa na punda amefungwa kwenye kijiti, mwenyewe amekwenda kunywa chai. Ami alimwekea mikate ya Bibi chini, mmoja baada ya mmoja.

Nilisema. Nataka mjue kwamba nilisema. "Ami, Babu keshapigwa sindano, lazima ale." Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Nikamnunulie hata biskuti pale dukani."

"Hapa mtu hali kitu mpaka tutoke. Tutapita upesi, atakula Amman. Mtu hafi kwa mkate mmoja."

Babu alikuwa amekasirika mpaka midomo imekuwa ya kijivu. "Mwache," akaniambia. "Nitakula nikishaona. Twende."

Ndani ya ufa

Bibi alikataa kuingia. Alibaki kwenye mawe yale na tasbihi yake. Tukaingia watatu, mimi nimemshika Babu mkono wa kulia, Ami mbele yetu kidogo, kichwa chini, machozi yanamtoka kweli kweli. Kila mara aligeuka, "Tuharakishe, Baba. Tupite upesi."

Babu alitembea haraka mwanzoni, kwa hasira. Halafu mkono wake mwengine ukagusa ukuta, ukateleza ndani ya mfereji uliochongwa kwenye jiwe, usawa wa kiuno, unaofuatana na njia. Akasimama.

"Ndio huu," alisema. "Mke wangu, tia mkono. Umeona ulivyo laini? Hapa maji yalikuwa yakipita. Walijua kiasi cha kuuinamisha, yasiende mbio yakamwagika, yasisimame yakaoza." Sauti yake ilikuwa ile ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Nikaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akisema darasani. "Na kuchonga walianza juu. Huwezi kuanza chini, mawe yatakuangukia. Walipanda juu, wakachonga kilele kwanza, wakashuka nacho. Kuna makaburi humu yana kilele kizuri na chini hayana hata mlango. Mwenyewe amekufa, au mambo yameharibika. Yapo hivyo hivyo."

"Baba, twende!"

"Na hilo la kwanza tutakaloliona watu huliita Hazina. Juu yake kuna mtungi wa jiwe. Wenyeji walidhani una dhahabu, wakaupiga risasi. Ni jiwe tupu, na lenyewe ni kaburi."

Tukaendelea. Ami akaongeza mwendo, na Babu kwa kiburi naye akaongeza. Kisha nikahisi mkono wake umelowa. Akaanza kuniita jina la Mama. Akaniuliza kama kengele imeshalia. Nilijua ni nini, nikapapasa mkoba na kopo lilikuwa tupu. Magoti yakamkunjika, akaanguka mbele, paji la uso likagonga ukuta.

Ami alipiga kelele akamkumbatia. Nikamwacha naye, nikakimbia mbele, kwa sababu mbele ndiko kulikokuwa na mwanga. Nilipita kona, na ufa ukafunguka.

Jengo lilikuwa pale. Kona moja tu. Jekundu, refu, limetulia, na jua la asubuhi limelipiga lote. Nililiona lote kwa macho mapana na sikulitazama. Nilitafuta kibanda cha chai. Muuzaji aliponiona nahema alinifutia kiti, akaniambia kwa Kiingereza, "Kaa kwanza, pumzika, wewe mgeni wangu." Nikasema sukari. Akasema chai itakuja na sukari, kaa. Nilichukua bakuli lake la sukari nikakimbia nalo, mimi, ambaye hata dukani siwezi kuomba chenji. Alinifuata akiita, mpaka alipomwona Babu chini. Hapo akaacha kunikimbiza akaanza kukimbilia kigari cha farasi.

Nilimpaka Babu sukari kwenye ufizi, tena na tena. Akarudi taratibu. Alipofumbua jicho alilipangusa, akalipangusa tena.

"Mbona mmewasha moshi?" akauliza. Halafu, "Tumefika?"

Ami alikuwa amempakata. "Bado, Baba. Mbali sana."

Walimpandisha kigarini akiwa ameelekea tulikotoka.

Zahanati

Daktari alikuwa mwanamke, mwepesi wa mikono. Alisema sukari imetulia, lakini damu imemwagikia ndani ya jicho, tuwahi hospitali ya macho. Alimwuliza Ami kwa Kiarabu kwa nini mzee hakula. Ami akaeleza, marefu. Daktari akaweka kalamu chini. Akamjibu maneno machache, kisha akanigeukia mimi akayarudia kwa Kiingereza, nafikiri ili yasipotee. "Thamudi ni Saudia. Mmekosea nchi nzima. Maji haya mimi nimeyanywa tangu kuzaliwa."

Bibi alikuwa kwenye kiti, mtandio umemwangukia mabegani. "Anasemaje?"

Ami akasema, "Anasema Baba anywe maji mengi."

Thamesmead tena

Begi la Bibi lilitutangulia kufika nyumbani. Tulilikuta mlangoni, biskuti zote zimo.

Hospitali walisema tusubiri damu ikauke. Haikukauka kama walivyotaka. Sasa Babu anajua mchana na usiku, na kivuli cha mtu akisimama dirishani. Suti ya kahawia Bibi ameipeleka kwa dobi, ikarudi, ikaning'inizwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa naye. Nilikuwa nimejitayarisha siku nyingi. Nikamwambia, "Babu, mimi niliiona Hazina. Nikuhadithie?" Nilikuwa nimekumbuka kila kitu nisichokitazama, nguzo, mtungi, alama za risasi.

"Usinihadithie," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikihadithia. Nilitaka kuona." Akanisogelea. "Niambie moja tu. Ilibaki kiasi gani?"

Ningeweza kusema mbali, kama Ami. Lakini Babu amenilea kwa habari za kweli.

"Kona moja, Babu."

Babu aligeuza uso dirishani, ingawa dirishani hakuna anachokiona.

Ijumaa Ami alikuja kumsalimia, ana harufu ya udi, ametoka msikitini. Babu alimwitikia, akampa mkono aubusu. Kisha hakuuachia mkono wa mwanawe.

"Nassor. Ilikuwa kona moja."

Ami alinitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu, lakini sikutoka. "Ni kadari, Baba," akasema.

"Kadari haifungui chupa za watu. Chupa zimefunguliwa na mkono huu." Akauachia.

Bibi aliingia na sinia ya chai. Kulikuwa na mikate ya maji. Ami alikula miwili, akaaga.

Basi hiyo ndiyo habari yenyewe. Ijumaa ijayo atahadithia tena, na watu wataitikia. Msibishane naye, yeye ni mkubwa na maneno anayajua. Muulizeni tu, kwa adabu, yule punda aliyekula mikate yote ya Bibi alipatwa na nini.